Ligi ya Pili Ni ya Nani?

Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Mwaka 2021 aliingia katika kikosi bora cha msimu cha AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia, akiichezea Port Adelaide. Hadithi za aina hii tunapenda kuzisimulia kwa kuruka: kambi, ndege, umaarufu, basi. Lakini katikati pana miaka ambayo hakuna anayeitaja. Sydney Swans walimchukua mwishoni mwa 2013 kutoka East Fremantle, klabu ya ligi ya Australia Magharibi. Mechi yake ya kwanza ya AFL akaicheza 2016. Sasa hapo katikati alikuwa wapi?

Alikuwa NEAFL na timu ya akiba ya Sydney. Ni ligi ya daraja la pili iliyoanza 2011, na ukiitafuta leo hutaipata. Ilikufa.

Ninaiandika habari yake kwa sababu Australia haiishiwi na watu wanaopendekeza ligi mpya ya kanda, ya daraja la pili. Kila mara mtu huchukua ramani, anapanga timu kumi hivi, anachora mistari, anaanza kuhesabu nauli za ndege. Ni kazi tamu. Hata mimi nimeifanya usiku mmoja badala ya kulala. Lakini ukisoma historia unakuta ramani haijawahi kuwa tatizo lenyewe. Tatizo ni swali ambalo watu hulikwepa: hiyo ligi itakuwa ya nani?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ambaye hajauona. Wachezaji ni 18 kila upande, kwenye uwanja mkubwa wa umbo la yai, manake tangu zamani wanatumia viwanja vya kriketi. Mpira nao una umbo la yai. Unaupiga teke, au unaushika kwa mkono mmoja na kuugonga kwa ngumi ya mkono wa pili. Kuurusha ni makosa. Kila upande una milingoti minne: teke likipita kati ya miwili ya katikati ni alama 6, likipita pembeni ni alama 1. Sheria za kwanza ziliandikwa Melbourne mwezi wa Mei 1859, miaka minne kabla ya Waingereza kuandika zao za soka kule London. Kwa hiyo hatuzungumzii mchezo wa juzi.

Mwaka 1877 klabu za jimbo la Victoria zikaunda chama chao, VFA. Kwa karibu miaka ishirini hicho ndicho kilikuwa kilele cha mchezo Melbourne. Halafu pesa ikaingia. Klabu kubwa zilivuta umati na viingilio, lakini kwenye kikao kura ya klabu ndogo ilikuwa na uzito uleule. Mwishoni mwa msimu wa 1896 klabu nane zikajitoa na kuunda ligi yao, VFL, iliyoanza kuchezwa 1897: Carlton, Collingwood, Essendon, Fitzroy, Geelong, Melbourne, South Melbourne na St Kilda.

Tano zikabaki: Footscray, North Melbourne, Port Melbourne, Richmond na Williamstown. Hazikuwa zimeshuka daraja kwa kufungwa. Hakuna aliyezishinda uwanjani. Zililala daraja la kwanza, zikaamka la pili, kwa sababu watu nane walikaa kwenye chumba kingine wakakubaliana.

Na bado hawakuwa wamemaliza kuchukua. Richmond ilikwenda VFL mwaka 1908. Mwaka 1925 zikafuata Footscray na North Melbourne, pamoja na Hawthorn iliyokuwa imejiunga na VFA baadaye. Kila klabu iliyoinuka iliinuka na kuondoka. Ukishabikia ligi ya namna hiyo, unajifunza kuogopa mafanikio ya timu yako mwenyewe.

Lakini VFA haikukaa ikilia, na hapa ndipo ninapoipenda. Mwaka 1938 ilibadilisha sheria: mchezaji akaruhusiwa kuurusha mpira kwa mikono miwili, mradi uwe chini ya bega. Mchezo ukawa wa kasi, watu wakaja. Tena ikaanza kuwavuta mastaa wa ligi kubwa bila kuomba ruhusa. Ron Todd, mfungaji hatari wa Collingwood, alihamia Williamstown mwaka 1940, na mwaka 1945 akafunga magoli 188 katika msimu mmoja. Ligi ya pili, magoli 188! Sheria hiyo ya kurusha ilidumu hadi 1949. Halafu 1960 VFA ikaanza kucheza Jumapili, siku ambayo wakubwa walikuwa hawachezi. Kwa miaka kama ishirini Jumapili ya Melbourne ilikuwa yao.

Unaona mbinu? Walitafuta kitu ambacho ligi kuu haina, wakakifanya chao. Waliishi kwa kuwa tofauti.

Kilichowamaliza hakikuwa uvivu. Mwaka 1982 South Melbourne ilihamishiwa Sydney, na mechi zake za Jumapili zikawa zinaonyeshwa Melbourne kwenye televisheni. Jumapili ikaponyoka. Mwaka 1987 zikaongezwa timu za Perth na Brisbane, na 1990 VFL ikajiita AFL, ligi ya nchi nzima. VFA ilizidi kudhoofika, utawala wake ukachukuliwa na wengine, na ilipofika 1996 ikapewa jina jipya. Jina gani? VFL. Miaka 100 baada ya klabu nane kuitoroka, ligi ilivalishwa jina la walioitoroka. Ukiandika hivyo kwenye riwaya mhariri atakuambia umezidisha.

Kuanzia 2000 timu za akiba za AFL za Victoria zikaingizwa humohumo. Ukienda kutazama mechi unakuta klabu yenye zaidi ya karne moja, yenye mashabiki na uwanja wake, inacheza na kikosi ambacho kinabadilika kila wiki kulingana na nani ameumia juu na nani amepona. Adelaide yalitokea hayohayo: kikosi cha akiba cha Adelaide Crows kiliingia SANFL mwaka 2014. Magharibi, Peel Thunder, iliyokuwa imehangaika tangu ijiunge na WAFL 1997, ilifanywa mshirika wa Fremantle, ikajaziwa wachezaji wa AFL, na ikachukua ubingwa wake wa kwanza 2016 na wa pili 2017. Mashabiki wa Peel walishangilia, na wana haki. Wa klabu nyingine wakauliza: tumefungwa na Peel au na Fremantle?

Sasa turudi NEAFL. Mwaka 2011 AFL ilikuwa inapanda kaskazini kwa nguvu zote. Gold Coast Suns walianza mwaka huo, GWS Giants wakafuata 2012. Timu hizo, pamoja na Brisbane na Sydney, zilihitaji mahali pa kuwachezesha vijana wao. Kwa hiyo klabu za Queensland, Canberra na Sydney ziliunganishwa kwenye ligi moja, na NT Thunder ya Northern Territory ikiwemo. Kutoka Darwin hadi Canberra ni takriban kilomita 3,000 kwa ndege, karibu sawa na Nairobi hadi Johannesburg. Hiyo ndiyo walikuwa wanaiita kanda.

Na lazima ukubali, kulikuwa na uzuri. Thunder walichukua ubingwa wa kwanza kabisa, 2011, na wakachukua tena 2015. Timu ya kaskazini, eneo ambalo limetoa wachezaji wengi Waaborijini wenye vipaji, ilikuwa inawafunga watoto wa klabu za AFL. Na kijana aliyezaliwa Kakuma alipata misimu miwili ya kukosea bila kutazamwa na watu elfu arobaini.

Lakini mnamo 2014 ligi ilipunguzwa ikawa jedwali moja, na klabu kadhaa zikarudi kwenye ligi za nyumbani. Mwisho wa 2019 Thunder wakaondolewa. Msimu wa 2020 ulifutwa na korona. Mwaka 2021 timu za akiba za Sydney, GWS, Brisbane na Gold Coast zikahamishiwa VFL, zikaenda na Southport na Aspley. Sydney University, Redland na Canberra zikaachwa. Aspley haikukaa sana, ikarudi ligi ya Queensland. Southport imepambana: ilifika fainali ya VFL 2022 na tena 2024, ikafungwa zote mbili. Moja kati ya nyingi.

Hakuna mtu mbaya kwenye hadithi hii. AFL ndiyo iliyotoa pesa, na aliyetoa pesa alihitaji mahali pa kukuzia wachezaji. Hitaji lilipohama, ligi ikahama nalo. NEAFL ilikuwa nyumba ya kupanga, na wapangaji waliochukua muda kupaka rangi kuta ndio walioumia.

Neno linalopendwa sana kwenye mipango hii ni njia: njia ya kumfikisha kijana juu. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hiyo neno hilo hunikaa vibaya. Mfumo ukiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, wote wasioupitia huhesabiwa kama hasara. Wachezaji wengi wa daraja la pili hawatafika AFL kamwe. Ni walimu, mafundi umeme, wauguzi, wanaofanya mazoezi Jumanne usiku baada ya kazi. Ligi inayowaona kama watu wa kujaza nafasi haiwezi kudumu, kwa sababu wao ndio wanaokata nyasi, kuuza soseji langoni na kuleta watoto wao baadaye.

Kwa hiyo, kama kuna mtu analeta pendekezo la ligi mpya ya kanda, mimi ningeomba mambo matatu kabla ya ramani. La kwanza, klabu za mitaa ziwe na kura nyingi kuliko timu za akiba, na iandikwe, si kuahidiwa. La pili, safari ziwe za basi kadiri inavyowezekana. Timu za mbali zikutane kwenye fainali baada ya kila upande kucheza kwao. La tatu, ligi iwe na kitu chake, kama VFA ilivyokuwa na Jumapili. Darwin, kwa mfano, ligi ya nyumbani huchezwa miezi ya mvua, wakati kusini kote wamepumzika. Hiyo ni miezi mizima isiyo na mshindani. Kwa nini kalenda ya kaskazini ifuate Melbourne?

Mtu atasema pesa itatoka wapi. Ni swali la haki. Tasmania ilikuwa na timu VFL kuanzia 2001 hadi 2008, ikafungwa. Mei 2023 kisiwa hichohicho kikapewa leseni ya AFL, na timu inatarajiwa kuanza 2028. Pesa ilipotakiwa kupatikana, ilipatikana, kwa sababu watu walidai kwa miaka mingi kitu wanachokiona ni chao.

Ukitaka ushahidi mwingine, rudi kwenye zile klabu tano za 1896. Tatu ziliondoka. Mbili, Port Melbourne na Williamstown, hazikuondoka. Mwaka 2011, mwaka uleule NEAFL ilipozaliwa, Port Melbourne ilishinda mechi zote 21 za msimu pamoja na fainali. NEAFL imeshakwenda. Port Melbourne na Williamstown bado wanacheza.