Kimondo cha Mbozi na Fumbo la Maada
Katika wilaya ya Mbozi, ambamo Itaka imo, lipo pande la chuma lililoanguka kutoka angani, liitwalo Kimondo. Chuma hicho ni maada, kama udongo kilioangukia. Lau kingalikuwa kinyume cha maada, kisingalifika ardhini. Kingaliteketea pamoja na hewa.

Basi, kwa nini maada ilisalia, ilhali yadhaniwa kuwa mwanzoni vitu hivyo viwili vilikuwa sawasawa? Mwaka wa 1964, huko Marekani, Cronin na Fitch pamoja na wenzao waliona kaoni chache, kama mbili katika kila elfu, zikivunjika kwa njia iliyodhaniwa haiwezekani: mizani ilikuwa imeinama. Mwaka wa 1967 Sakharov, Mrusi, alionyesha ya kuwa bila kuinama huko maada isingalisalia. Kobayashi na Maskawa wa Japani walitoa maelezo yake mwaka wa 1973. Na mwaka wa 2001 majaribio ya Marekani na Japani yaliuona mwinamo huo katika mesoni nzito ziitwazo B.

Hata hivyo, mwinamo uliopimwa ni mdogo mno, wala hautoshi kueleza maada yote iliyopo. Kimondo kipo, sababu ya kuwapo kwake ingali yatafutwa.