Maneno ya Heri na Asili Yake

Hapa Goma watu hutakiana heri kwa lugha nyingi. Kiswahili kilifika Kivu katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Kifaransa kilikuja na utawala wa Wabelgiji, uliokwisha mwaka 1960. Kiingereza nacho kimezidi kusikika tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Basi yatupasa kujua maneno yake ya heri, tuyaseme mahali pake.

Tuanze na kuagana. Sisi twasema “kwa heri”. Heri ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mema. Mfaransa husema “adieu”, yaani “kwa Mungu”. Mwingereza husema “goodbye”. Zamani, katika karne ya 16, watu wa kwao waliagana wakisema “God be with you”, Mungu awe nawe; kwa kusema upesi upesi, maneno manne yakawa moja. Kumbe ni dua iliyofupishwa!

Jioni, “bonsoir” ya Kifaransa hufaa kwa kukutana na kwa kuagana pia. Kiingereza hutenga: tukikutana ni “good evening”, tukiagana usiku ni “good night”. Aingiaye nyumbani mwa watu saa moja ya jioni akasema “good night”, ameaga kabla ya kuketi.

Lakini zito kuliko yote ni neno pole. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka hata katikati ya mji na watu wakakimbilia Gisenyi, ni nani asiyehitaji pole? Wengi hulifasiri “sorry”. Hapa Afrika Mashariki huelewana. Lakini Mwingereza aliyejikwaa, akisikia “sorry” tu, aweza kudhani tunakiri kosa letu. Kwa mfiwa yafaa kusema kwa ukamilifu: “I am sorry for your loss.” Neno hilo hapo kale lilitokana na neno la maumivu. Alisemaye kwa moyo ni kama asemaye: msiba wako unaniuma.

Basi tujifunze maneno haya kwa uangalifu. Mfiwa hatapima ufasaha wetu, lakini atajua kama tumeona machozi yake.