Orodha ya kazi na neno asante: mambo mawili madogo yanayookoa siku ya kazi

Wengi wetu tunaijua siku hii. Unafika kazini saa mbili asubuhi ukiwa na nia njema. Simu inaita, mteja anaingia, bosi anakutuma, jirani wa mezani anaomba msaada wa dakika mbili. Jioni unatoka umechoka kwelikweli, na njiani ndipo unakumbuka jambo moja lililokuwa la lazima leo, nawe hukuligusa.

Mara nyingi tunajilaumu kuwa ni uvivu. Kumbe kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu iliyobebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Katika makala hii tunaangalia mambo mawili yasiyohitaji fedha wala mafunzo marefu: orodha iliyoandikwa na shukrani inayotolewa kwa wakati.

Ndege iliyoanguka kwa kusahau

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya kampuni ya Boeing iliruka kwa majaribio mbele ya wanajeshi. Ilipaa kidogo, ikaanguka na kuwaka moto. Watu wawili kati ya watano waliokuwamo walifariki dunia, akiwamo rubani mkuu. Uchunguzi ulionyesha kuwa injini zilikuwa nzima. Kilichosahaulika ni kufungua kifungio kinachozuia sehemu za mkia zisitikiswe na upepo ndege inapokuwa chini.

Rubani yule hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa na uzoefu mkubwa, lakini ndege ile ilikuwa na mambo mengi mno ya kukumbuka kwa kichwa kitupu. Marubani waliobaki hawakuomba mafunzo marefu zaidi. Waliandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, wakati wa kuruka na kabla ya kutua. Ndege hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,000 zilitengenezwa.

Somo lililofika Ifakara

Miaka zaidi ya 70 baadaye, Shirika la Afya Duniani lilipeleka wazo hilo kwenye vyumba vya upasuaji. Liliandaa orodha ya mambo 19 yanayosomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Maswali yake ni ya kawaida kabisa. Huyu ni mgonjwa gani? Anapasuliwa wapi? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Vifaa vimehesabiwa vyote?

Kati ya mwaka 2007 na 2008 orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hata hivyo tusiishie hapo. Mwaka 2014 utafiti wa hospitali 101 katika jimbo la Ontario, Kanada, ambako orodha iliagizwa kutumika, haukuona upungufu wa vifo wa kutosha kusema kuwa orodha ndiyo iliyouleta. Wataalamu bado wanajadili sababu. Moja inayotajwa sana ni kwamba kuweka alama ya vema kwenye karatasi ni jambo moja, na kusimama kweli, kusoma na kusikilizana ni jambo jingine.

Jinsi ya kuandika orodha inayosaidia

Kwanza, andika jioni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Walioandika kazi zilizowasubiri walipata usingizi mapema kwa takriban dakika tisa kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyamaliza. Kilichoandikwa hakihitaji kubebwa kitandani.

Pili, andika kitendo. Neno "ripoti" peke yake halikuambii uanzie wapi. "Saa 3:30 nimpigie mhasibu aniletee hesabu za Machi" linakuambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa jambo ambalo halijakamilika huacha kuusumbua ubongo pale mtu anapolipangia mpango mahususi, hata kabla hajalitenda.

Tatu, weka alama mambo matatu yasiyoweza kulala. Mengine yafuate nafasi ikipatikana. Orodha ya mambo 20 yenye uzito sawa inakuchosha kabla hujaanza.

Nne, kwa kazi unayoirudia kila siku, andika orodha ya kudumu na ibandike mahali pa kazi. Mama lishe anaweza kuandika: gesi imefungwa, maji yamejazwa, deni la leo limeandikwa, hela imehesabiwa. Fundi umeme aanze na swichi kuu. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Muda nao ni mali.

Asante inafanya kazi gani?

Katika orodha ile ya upasuaji kuna jambo ambalo wengi hulishangaa: kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Nia ni kuwafanya wote, hata muuguzi mgeni, wajisikie kuwa na sauti. Mtu anayetambuliwa ni mwepesi wa kusema, "Daktari, ngoja kidogo."

Shukrani hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Mwaka 2010 watafiti Adam Grant na Francesca Gino walichapisha majaribio yao. Katika moja, watu walisaidia kusahihisha barua ya mtu anayeomba kazi, kisha wakaombwa msaada tena. Waliojibiwa bila shukrani, asilimia 32 walikubali. Walioshukuriwa, asilimia 66. Sababu kuu haikuwa furaha tu. Walioshukuriwa walijiona kuwa mchango wao una thamani.

Basi shukuru kwa kutaja jambo. "Asante kwa yote" hupita kama upepo. "Asante kwa kuleta hesabu jana, nimepata muda wa kuzipitia kabla ya kikao" hubaki. Itoe mapema, na usimsahau anayefagia ofisi, mlinzi wa getini na dereva. Katika orodha yako ya jioni ongeza mstari mmoja: leo nani amenirahisishia kazi? Kesho anza naye.

Tahadhari moja kwa waajiri: asante si mshahara. Mfanyakazi anayesifiwa kila Ijumaa huku malipo yake yakichelewa ataisikia sifa hiyo kama kejeli. Lipa haki kwanza, kisha shukuru, na maneno yako yatakuwa na uzito.

Anza leo

Huhitaji programu ya simu wala daftari la bei. Karatasi moja na kalamu vinatosha. Leo jioni andika mambo matatu ya kesho, kila moja na saa yake, na jina la mtu mmoja wa kumshukuru. Fanya hivyo kwa wiki mbili, kisha jipime: ni mangapi yaliyokuwa yakikuponyoka ambayo sasa yanakamilika? Ukiona siku fulani orodha haikufuatwa, usiichane. Isome upate kujua ni nini kilichoingilia, maana hapo ndipo penye cha kurekebisha.