Ujira wa Wachezaji wa Jogoo Road

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, yaani Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, ambako wakati wa ukoloni walikaa wafanyakazi wa reli na wa baraza la mji, kandanda ilistawi zamani kabla haijawa riziki ya mtu yeyote. Na uwanja wa Jogoo Road, unaojulikana kwa wengi kama City Stadium, ndio uliokuwa makutano ya mitaa hiyo. Mashabiki walilipa langoni shilingi kwa shilingi, ilhali mchezaji alipewa nauli na posho hafifu, au, akijaaliwa, kazi katika reli, posta au kiwanda cha bia, ambayo kwa hakika ndiyo iliyokuwa ujira wake wa kucheza.

Mmoja wao, Joe Kadenge, aliyezaliwa mwaka 1935, akachezea vilabu vya Maragoli United na Abaluhya, na ambaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimvumisha nchi nzima kwa maneno "Kadenge na mpira", baadaye aliendesha teksi ili apate kuishi, naye akafariki Julai 2019. Yasemwa kwamba mkataba ukiisha, deni la klabu kwa mchezaji nalo limekwisha. Sikubali. Klabu ya Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Mandela barani Afrika mwaka 1987, fahari ile haikuzeeka pamoja na miguu iliyoileta: hata sasa yavuta mashabiki na wafadhili. Basi sehemu ya kila kiingilio, japo ndogo, iwekwe amana ya wakongwe, si kwa sadaka bali kwa haki, na hesabu yake isomwe mbele ya wanachama kila msimu.