Rauta yako haina makosa, anwani ziligawiwa kabla tufike

Wasee, mwezi uliopita nilipoteza Jumamosi nzima nikipigana na rauta. Mbogi yetu ilitaka kucheza Minecraft kwa seva yetu wenyewe, kwa kompyuta yangu hapa Machakos. Nikaingia 192.168.1.1, nikatafuta pale pa kuelekeza poti, nikaiambia rauta: mtu akibisha poti 25565, mlete kwa mashine yangu. Nikasevu, nikazima, nikawasha. Jamaa wakajaribu kuingia kutoka Kitui. Wapi!

Kumbe kosa halikuwa langu, wala la rauta. Ni historia.

Rudi 1981. Mtandao unapata mfumo wa anwani tunaoutumia hadi leo, IPv4. Kila anwani ni biti 32, kwa hivyo zote ni kama bilioni 4.3. Wakati huo zilionekana haziwezi kuisha, zikagawiwa kama njugu. Chuo kimoja tu cha Marekani, MIT, kilipata zaidi ya milioni 16. Ford, watu wa magari, wakapata fungu kama hilo.

Sisi hatukuwa kwa hiyo foleni. Intaneti kamili ilifika Kenya katikati ya miaka ya 90. AFRINIC, shirika la kugawia Afrika anwani, lilitambuliwa 2005. Kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa 2009. Halafu Februari 2011 ghala kuu la dunia likatoa mafungu yake ya mwisho. Yaani tuliletewa barabara viwanja vikiwa vinaisha.

Sasa kampuni za intaneti zikafanyaje? Zilifanya kama sanduku la posta la shule. Ushago, familia kibao zilitumia S.L.P. moja. Kutuma barua hakuna shida. Lakini ikija barua haina jina la mtu, nani ataichukua? Ndivyo ilivyo: kampuni inaweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Ukianzisha mazungumzo wewe, jibu linakufikia. Mgeni akibisha kutoka nje, anaishia kwa kampuni, haoni mlango wako. Ulifungua poti kwa rauta yako, sawa, lakini kuna geti lingine mbele ambalo huna ufunguo wake.

Kujua kama uko huko, angalia anwani ya WAN kwa rauta. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, masafa yaliyotengwa 2012 kwa kazi hiyo hiyo, usipoteze Jumamosi yako. Omba kampuni ikupe anwani yako ya hadharani, mara nyingi kwa malipo ya ziada, ama ukodishe seva nje. Na ukifanikiwa kufungua poti, badilisha kwanza paswadi ya rauta. Mlango wazi ni wa kila mtu.

Mtasema ni gemu tu. Zii. Bila anwani yako, unaweza kutembelea wengine lakini huwezi kutembelewa. Video zetu, programu zetu, kila kitu tunaweka kwa nyumba ya mtu mwingine, na siku akitufukuza hatuna pa kuenda.

Dawa iko tangu miaka ya 90, inaitwa IPv6, na ina anwani za kutosha kila simu, kila kompyuta, kila kibanda cha Masaku. Kwa hivyo mkipigia kastamakea wiki hii, msiulize bando pekee. Ulizeni: IPv6 yetu iko wapi?