Alovera yako inanyauka ndani? Usikimbilie maji, angalia mizizi kwanza

Mshubiri, ambao wengi wanauita alovera, ni mmea mvumilivu. Ukianza kusinyaa sebuleni, wengi hudhani una kiu na kuuongezea maji. Kumbe hapo ndipo wanapoumaliza, kwa sababu mishubiri mingi ya ndani hufa kwa maji mengi.

Asili ya mmea huu ni Rasi ya Arabuni, kwenye ardhi kavu yenye mawe. Majani yake ni ghala la maji. Mizizi ikikaa kwenye udongo uliolowa kwa muda mrefu hukosa hewa na kuoza, na mizizi iliyooza hainyonyi maji. Ndiyo maana mmea unaweza kusinyaa huku umekaa kwenye tope.

Jua tatizo kwanza

Chomeka kidole kwenye udongo, kama sentimita 5 hivi.

- Udongo mkavu, majani membamba yaliyojikunja: mmea una kiu. Mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha mwaga yanayobaki kwenye kisahani.
- Udongo umelowa, majani ya njano, laini na yenye majimaji: mizizi inaoza.
- Majani marefu, yaliyopauka na kulala: mwanga hautoshi.

Kama mizizi inaoza, fanya hivi

1. Toa mmea taratibu na ukung'ute udongo wote. Mizizi mizima ni migumu na ina rangi nyeupe au njano. Iliyooza ni nyeusi, laini na inanuka.
2. Kata sehemu zote zilizooza kwa kisu safi, pamoja na majani yaliyolainika.
3. Uache mmea kivulini siku 3 hadi 5 bila udongo ili sehemu zilizokatwa zikauke.
4. Panda upya kwenye chungu chenye matundu chini, kikubwa kidogo tu kuliko mizizi. Kama unatumia kopo la rangi, litoboe. Changanya udongo nusu kwa mchanga wa ujenzi nusu. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Udongo wa zamani utupe.
5. Subiri kama wiki 1 ndipo umwagilie.

Weka chungu karibu na dirisha lenye mwanga mzuri. Usiutoe ndani na kuuanika juani siku hiyo hiyo, majani yataungua na kuwa mekundu au kahawia. Uzoeshe kidogo kidogo.

Baada ya hapo, mwagilia pale tu udongo unapokauka, mara nyingi kila baada ya wiki 2 au 3. Msimu wa baridi subiri zaidi.

Shina limeoza lote?

Angalia pembeni kama kuna vichipukizi. Kichipukizi chenye mizizi yake kinaweza kupandwa peke yake. Jani moja lililokatwa ni kubahatisha, mara nyingi huoza kabla ya kutoa mizizi.

Tahadhari

Majani ya mmea unaooza usiyapake kwenye ngozi wala nywele. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani unaharisha, hata kama mmea ni mzima, kwa hiyo usiunywe. Kama una paka au mbwa ndani, weka chungu mahali wasipofikia, kwani mshubiri ni sumu kwao.