Historia ya hospitali, sehemu ya 4: Meza inayovuta hewa

Mama zangu, najua mochwari siyo stori ya kusoma huku unanyonyesha. Ila hii inawahusu.

Vienna, Austria, mwaka 1847. Daktari Jakob Kolletschka alichomwa kisu na mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa. Rafiki yake Ignaz Semmelweis akaona ugonjwa wenyewe ni uleule uliokuwa unaua akina mama kwa homa ya uzazi. Kumbe madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda kuzalisha, mikono ileile! Akaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Vifo vya wazazi vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi Aprili hadi 2 hivi mwezi Juni. Na bado wakubwa wakambishia, jamani.

Mikono ikapata dawa, hewa ikabaki. Vimelea vya TB vinaweza kuwa hai kwenye mapafu ya marehemu. Ukikata, vinaruka na kuingia puani. Ndiyo maana kuna meza zenye matundu: feni inavuta hewa kwenda chini, mbali na uso wa daktari, kisha inachujwa au kutolewa nje.

Pasipo na meza hiyo, kinga ni barakoa nzuri na madirisha wazi, hata kwenye baridi yetu ya Sumbawanga ya Juni na Julai. Kwa hiyo ndugu wa marehemu mkiambiwa msubiri nje, hakuna anayewaficha kitu. Ni hewa ya mle ndani.